Diski Iliyogoma na Ngoma Isiyoinuka

Hitilafu ya kuandika kwenye diski ni hali ambayo kompyuta, ikiwa inarejesha bekapu, husimama katikati ya kazi, huonyesha kisanduku chenye alama nyekundu na kutangaza kwamba imeshindwa kuandika. Wengi huapa kwamba hitilafu hii hupenda kutokea kwenye asilimia 97. Huenda ni kwa sababu zile zinazotokea kwenye asilimia 3 hazina utamu wa kusimulia.

Tangazo hilo halimtaji mkosaji. Linasema tu kwamba maandishi hayakufika. Barua isipomfikia mjomba aliyeko Bukoba, kosa laweza kuwa la mwandishi aliyekosea jina, la bahasha iliyochanika, la kondakta aliyeisahau chini ya kiti, la mto uliofurika, au la mjomba mwenyewe aliyehama bila kuaga. Kwa mikasa yote hiyo kompyuta ina sentensi moja tu, na mwenye kompyuta ana hukumu moja tu: diski imekufa.

Mahali pazuri pa kuuchunguza mkasa huu ni steshenari ya kijijini, na Bweranyange, katika Wilaya ya Karagwe, panafaa kama popote. Steshenari ya namna hii ni chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti, na kompyuta moja inayobeba mambo ya watu wote. Humo mna mitihani ya majaribio, barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, mihtasari ya vikao vya ukoo, na hesabu za mizani za chama cha msingi cha kahawa. Hizo za mwisho ndizo nzito. Mashine ikizimika moja kwa moja mwezi wa Julai, msimu wa kahawa ukiwa umekolea, kila mkulima hugundulika kuwa anazikumbuka kilo zake vizuri sana, na kwa kawaida huzikumbuka zaidi kidogo ya alizoleta.

Kwa hiyo bekapu hutafutwa. Hupatikana kwenye flashi iliyofungwa pamoja na funguo za duka. Diski mpya hununuliwa, kazi ya kurejesha huanza, kisanduku chekundu huibuka. Uchunguzi, kwa mujibu wa mazoea ya eneo zima la Maziwa Makuu, huanza kwa kuchomoa flashi, kuipuliza, kuifuta kwenye suruali na kuichomeka upya. Ikishindikana, kompyuta huzimwa na kuwashwa. Ikishindikana tena, mwalimu mstaafu aliyekuja kutoa fotokopi ya cheti husema ni virusi. Hakuna ugonjwa wa kompyuta, kuanzia kebo iliyolegea hadi panya aliyekata waya, ambao haujawahi kuitwa virusi.

Uchunguzi wa kweli huanza na swali ambalo watu huliona la kitoto: je, nafasi ipo? Bekapu ya diski nzima, ile inayochukuliwa kama picha, hukumbuka ukubwa wa nyumba ilikotoka. Diski ya zamani ikiwa ya GB 500, na ndani yake mkiwa na GB 60 tu za vitu, programu nyingi za kurejesha bado hudai GB 500 kwenye diski mpya. Diski ya SSD ya GB 240, ambayo mfuko wa steshenari unaiweza, hukataliwa. Ni kama mpangaji anayehama kutoka nyumba ya vyumba vitano akiwa na godoro moja, na bado anadai vyumba vitano. Dawa ni kuibana sehemu ya diski ya zamani kabla ya kuipiga picha, au kuachana na picha na kurejesha mafaili peke yake. Ushauri huu hufika, kama kawaida, diski ya zamani ikiwa imeshazikwa.

Nafasi ina hila nyingine. Flashi ya GB 32 isiyo na kitu hukataa kupokea faili moja la GB 6 kwa madai kwamba faili ni kubwa mno. Mwenye flashi huhesabu kwa vidole, 32 kasoro 6, na kuona anatukanwa. Kosa liko kwenye mpangilio uitwao FAT32, ulioletwa na Windows mwaka 1996, ambao huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32 na hivyo haujui faili linalofika GB 4. Kibuyu cha maziwa huweza kuwa na tumbo la kumeza ndoo nzima, lakini kinachotaka kuingia sharti kipite shingoni. Mpangilio wa exFAT au NTFS una shingo pana. Ila kubadili mpangilio ni kuifomati flashi, na kuifomati flashi ni kufuta kilichomo. Hapa ndipo hutokea msiba ambao mafundi huusimulia kwa sauti ya chini: kijana hodari, aliyeelewa somo lote, huifomati flashi yenye bekapu.

Nafasi ikithibitika, huulizwa ruhusa. Kwa somo hili Bweranyange ina mfano wake, na ni wa zamani kuliko kompyuta. Hapa palikuwa na ikulu ya Wakama, yaani wafalme, wa Karagwe. Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Nile, alifika kwa Omukama Rumanyika Novemba 1861, akalitazama ziwa lililo chini ya kilima na, kwa ugonjwa wa kukumbuka kwao, yeye na mwenzake Grant wakaliita Windermere Ndogo. Rumanyika alimsimulia jinsi alivyopata kiti baada ya kifo cha baba yake, Ndagara. Watoto watatu wa kiume walikigombea. Mbele yao ikawekwa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini yenye dawa, hivi kwamba kwa asiye mrithi iligeuka nzito isiyoinuka. Ndugu zake walihangaika nayo, wakatoka jasho, haikusogea. Rumanyika akainyanyua kwa kidole cha mwisho.

Diski ya kompyuta hufanya vivyo hivyo. Programu ile ile, kwenye diski ile ile, hujibiwa kwamba haina ruhusa inapofunguliwa na mtumiaji wa kawaida, na huandika bila neno inapofunguliwa na msimamizi wa mashine. Uzito hauko kwenye ngoma, uko kwenye jina la anayeinua. Mtu anaweza kubonyeza kitufe cha kujaribu tena mara arobaini, kwa nguvu inayozidi kila mara, akitokwa jasho kama nduguze Rumanyika. Anachotakiwa ni kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuendesha kama msimamizi. Tatizo ni nywila. Nywila ya msimamizi aliiweka kijana aliyeanzisha duka, naye sasa yuko Mwanza, na simu yake inaita bila kupokelewa.

Kuna dawa nyingine zinazofanya ngoma iwe nzito. Antivairasi inaweza kulinda folda fulani zisiandikwe na programu isiyoifahamu, na programu ya kurejesha ni mgeni anayetaka kuandika mamia ya mafaili kwa mpigo, mwenendo ambao hata mgambo angeutilia shaka. Kadi ya kamera ina kijiti kidogo pembeni ambacho kikisukumwa kadi hukataa kuandikwa. Ukucha ndio kipimo chake. Zaidi ya yote, mfumo wa kompyuta hauwezi kurejeshwa juu ya diski ambayo kompyuta imewashwa nayo, kwa sababu mtu hatandiki upya mkeka alioukalia. Lazima anyanyuke kwanza: kompyuta iwashwe kwa flashi maalumu, kisha diski ya ndani iandikwe ikiwa imelala.

Baada ya ruhusa, njia. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipolivunja daraja la Kyaka, ng'ambo zote mbili za Mto Kagera zilibaki na barabara, lakini gari halikupita. Kebo inayoiunganisha diski na ubao mkuu ni daraja la namna hiyo, na huvunjika bila kishindo, kwa kulegea, kwa vumbi, kwa kukunjwa mara nyingi. Diski ina kumbukumbu zake za afya, ziitwazo SMART, na programu za bure huzisoma. Namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa kwa ubovu. Namba 197 huhesabu zinazotiliwa shaka. Namba 199 huhesabu data zilizoharibika njiani. Ikipanda 199 huku 5 na 197 zikiwa zimetulia kwenye sifuri, mgonjwa wa kwanza kushukiwa ni kebo, si diski. Kebo ni bei ndogo sana ukilinganisha na diski, na pengine ndiyo maana hakuna anayeishuku. Mtu akiwa na shida kubwa huona aibu kuponywa na kitu cha bei rahisi.

Diski ya nje ina daraja na njaa kwa pamoja. Tundu la USB 2.0 limekadiriwa kutoa miliampia 500, na diski yenye sahani inayozunguka inaweza kuhitaji zaidi ya hapo inapoamka. Ikichomekwa kwenye kigawanyio pamoja na kipanya, kibodi, na simu ya mteja inayochajiwa kwa shilingi mia tatu, hutoa mlio wa kak-kak, hupotea, hurudi, na hitilafu ya kuandika huzaliwa. Simu ya mteja ichomolewe. Mteja atanuna.

Umeme wenyewe hauhitaji maneno mengi. Kwa miaka mingi Bukoba na majirani zake wamekuwa wakipokea umeme kutoka Uganda kupitia Masaka, radi za upande huu wa Ziwa Viktoria haziombi ruhusa, na yuniti za LUKU huisha usiku. Kurejesha GB mia kadhaa kwaweza kula saa nyingi. UPS, betri ya akiba ya dukani, hutosha kuizima kompyuta kwa heshima, haitoshi kumaliza safari.

Diski yenyewe hufikiwa mwisho, wakati kila mtu alianza nayo. Sekta mbovu zipo kweli. Kila diski huzaliwa na sekta za akiba ambazo hushika nafasi ya zinazokufa, kimyakimya, bila tanzia, na kilio husikika pale tu akiba inapoisha. Amri ya chkdsk yenye herufi r itazitafuta na kuzitenga, lakini diski ambayo mbovu zake zinaongezeka kila siku haifai kupokea bekapu, kama gunia lililotoboka lisivyofaa kupokea kahawa hata likishonwa.

Na kuna flashi ya gulioni. Imeandikwa TB 2, inauzwa kwa bei ya kilo mbili za nyama, na ndani yake mna chipu ya GB 16 iliyofundishwa kudanganya. Kompyuta huiuliza ukubwa wake, nayo hujibu TB 2 bila kupepesa. Mafaili ya mwanzo hukaa vizuri. Chipu ikijaa, yanayofuata hupokelewa kwa adabu zote na kutupwa, au huandikwa juu ya yale ya mwanzo. Majina yote huonekana kwenye folda, yakiwa na ukubwa sahihi na tarehe sahihi, na ndani hamna kitu. Hii ndiyo hitilafu ya kuandika iliyo mbaya kuliko zote, maana haikutangazwa siku ilipotokea. Programu za H2testw, iliyotoka kwa jarida la c't la Ujerumani, na F3 hufichua uongo huo kwa kuijaza flashi hadi pomoni kisha kuisoma yote upya. Kazi hiyo huchukua muda mrefu. Muuzaji wa gulio huchukua muda mfupi zaidi kuondoka.

Ikiwa nafasi, ruhusa, njia, umeme na diski vyote viko safi, hubaki kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ambayo hupimwa usiku kucha kwa programu yake, na hubaki bekapu yenyewe. Bekapu inaweza kuwa iliharibika siku ilipotengenezwa na hakuna aliyewahi kuifungua. Hili haliwapati wa Bweranyange peke yao. Mwaka 1998, studio ya Pixar huko Marekani ilifuta kwa amri moja sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na bekapu ilipoitwa ikaonekana haiko sawa. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, mama aliyekuwa na mtoto mchanga na akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ilifungwa mablanketi, ikalazwa kiti cha nyuma cha gari, na kuendeshwa polepole hadi ofisini.

Kompyuta ya steshenari husafiri kwa heshima ileile, isipokuwa gari ni bodaboda na blanketi ni kitenge. Abiria huipakata kama mzazi, dereva huambiwa apunguze kwenye mashimo, na wanaokutana nao njiani huuliza mtoto anaumwa nini. Huko Omurushaka fundi huifungua, hutazama namba 199, hubadilisha kebo, na kurejesha huanza upya. Asilimia 97 hupita. 98 hupita. Hesabu za kahawa hurudi zote, kilo kwa kilo, jina kwa jina, na siku ya pili hubandikwa ukutani kwenye chama cha msingi. Wakulima huzisoma wakiwa kimya, kila mmoja akilinganisha kilo zilizoandikwa na zile anazozikumbuka, mpaka mmoja wao aulize kwa upole kama mashine hiyo haina virusi.