Jinsi ya Kung'arisha Gari Hadi Kunguru Ajione

Umenunua gari. Hongera. Lilitembea Japani miaka kumi na kitu, likashushwa bandarini Dar es Salaam, ukalipia ushuru uliokufanya ukae kitako, na sasa unataka ling'ae kuliko lilivyong'aa huko kwao. Inawezekana. Fuata maelekezo haya bila kuruka hata moja. Mimi nayafuata mwaka wa tisa huu, na gari langu linakaribia.

Kwanza, rangi. Kama bado hujanunua, chukua la rangi ya fedha. Vumbi likitua juu yake litadhani limefika nyumbani na wala halitaonekana. Jeusi halifichi kitu: linaonyesha vumbi, tone la maji, kiganja cha mtoto wa jirani, na tabia ya mtu aliyeliosha mara ya mwisho. Kama umeshanunua jeusi, usisikitike. Maelekezo haya yameandikwa kwa ajili yako. Wenye magari ya fedha wako nyumbani wamelala.

Pili, saa na mahali. Amka saa 12 asubuhi, Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu. Bati likipata moto, sabuni hukaukia juu yake kabla hujaisuuza na kuacha michirizi. Gusa boneti kwa kiganja kama unavyompima mtoto homa. Kama ni la moto, subiri. Kisha tafuta kivuli. Kivuli cha mjini ni cha mti, na mti una masharti. Mwembe hudondosha utomvu. Mkungu hudondosha majani, na juu ya majani kuna kunguru. Huyu si ndege wa asili hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka za mji, akavuka bahari mwenyewe, na sasa ana shina katika kila mtaa. Aliajiriwa kwa kazi ya usafi, na kinyesi chake kina tindikali inayoila rangi ya gari, hasa likiwa juani. Ukikuta mkungu usio na kunguru saa mbili asubuhi, usishangilie. Wamekwenda kazini. Jioni wanarudi kulala.

Kama ni wakati wa mgao wa maji, oshea ndani ya geti. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mitaa ikawa inapata maji kwa zamu, mimi niliosha gari nje kwa ndoo mbili tu. Majirani wote walinisalimia vizuri, na kila aliyenisalimia alizitazama ndoo.

Tatu, ndoo zenyewe. Ziwe mbili. Moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kipande kimoja cha gari. Sababu ni mchanga. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko rangi, na ikikaa ndani ya sponji, unachopiga ni msasa wenye povu. Mwagia gari maji kwanza, lote, kabla hujaligusa. Anza paa, shuka vioo, shuka milango, malizia chini; rimu zina sponji yake, na sponji hiyo isipande juu hata kwa dharura. Hiyo ndiyo sheria ya ndoo mbili. Nawe utaifuata vizuri mpaka ufike mlango wa pili, ndipo mama watoto atakapoihitaji ndoo moja. Usibishane. Ina nguo tayari.

Nne, sabuni. Nunua shampuu ya gari. Watu wanatumia sabuni ya unga na ile ya maji ya kuoshea vyombo kwa sababu zina povu jingi, na macho hupenda povu. Lakini sabuni hizo zimetengenezwa kuondoa mafuta, na nta unayotaka kuipaka baadaye haina tofauti kubwa na mafuta. Sabuni ya vyombo haijui kutenganisha nta ya karnauba na mafuta ya maandazi. Inaondoa vyote kwa bidii ileile, na asubuhi hii ndiyo iliyoko jikoni.

Tano, kitambaa. Maikrofaiba, safi, laini, kisichowahi kudondoka chini. Kikidondoka mara moja tu, kimestaafu. Kipeleke kwenye rimu. Wewe hata hivyo utatumia fulana ya uchaguzi, kwa sababu ndiyo iliyoko stoo. Itazame kabla hujaanza: mshono mgumu, na kifuani picha ya mgombea iliyochapwa kwa wino mnene unaokwaruza kama chenga. Igeuze ndani nje. Mgombea huyo wa 2015 aliahidi kuwahudumia wananchi, na hii ndiyo ahadi yake ya kwanza kutekelezwa, ila akigeuzwa upande wa picha ataliachia gari kumbukumbu yake.

Kausha haraka. Maji mengi ya visima vya mjini yana chumvi, na tone likikaukia kwenye rangi huacha kiduara cheupe. Viduara mia tatu huitwa muundo.

Hapa, kwa uzoefu wangu, ndipo watu tisa kati ya kumi wanapotupa sponji na kulipeleka gari kwa vijana wa kuosha. Sikulaumu, lakini huko nako kuna sheria, na hazijaandikwa popote.

Usiulize bei mapema. Kijana lazima kwanza alitazame gari, kisha akutazame viatu. Sikiliza atakavyokuita. Mwenye Vitz huitwa kaka, mwenye Harrier huitwa bosi, mwenye Land Cruiser huitwa mheshimiwa, na bei hufuata cheo. Ukiitwa mheshimiwa ukiwa na Vitz, kuna jambo limeharibika chini ya gari na wameliona kabla yako.

Toa sarafu zote kwenye dashibodi. Haziibwi. Huoshwa pamoja na gari, zikaenda na maji. Toa pia miwani, chaja, na ile risiti unayoitafuta tangu mwaka jana, ambayo itapatikana leo ikiwa imelowa.

Usimsimamie kijana. Mwenye gari anayesimama nyuma ya muoshaji hupewa uoshaji wa hasira. Nenda ukae. Mwenye eneo hilo aliliona hilo zamani, ndiyo maana pembeni pana meza, viti vya plastiki, friji la bia na jiko la mishikaki. Agiza soda. Mhudumu atakuletea soda huku akikutazama kwa huruma, na jirani yako wa meza ataanza kueleza habari za gari lake. Kabla rimu ya tatu haijaoshwa utakuwa umeagiza kitu kingine. Gari linaoshwa kwa elfu saba; mwenye gari analoa kwa elfu ishirini na mbili. Mkeo akiuliza kwa nini kuosha gari kunachukua saa tatu, mwambie walipiga na chini. Ni kweli, walipiga.

Litakuja swali: “Na injini tupige, bosi?” Jibu ni hapana. Kijana ana mashine ya presha na moyo mkunjufu, na injini ina nyaya, soketi na altaneta ambazo hazikuzaliwa baharini. Utaitika hata hivyo, kwa sababu ameuliza kwa adabu. Basi kaa mahali penye mteremko.

Mwisho, ukaguzi. Hili ni la lazima, na ukiliacha utadharauliwa. Zunguka gari mara moja, polepole, mikono nyuma. Simama penye mlango wa nyuma. Pitisha kidole. Sema: “Dogo, hapa bado.” Kijana atapafuta kwa unyenyekevu mkubwa. Palikuwa bado kwa makusudi. Anajua kila mwenye gari lazima apate pa kusema bado, na mteja asipopapata huanza kutafuta pengine. Mpe ya soda. Ukiingia ndani utakuta kiti kimesogezwa nyuma hadi mwisho na redio iko juu, kwenye stesheni usiyoifahamu. Kirudishe kiti. Stesheni iache; wiki ijayo utaipenda.

Sasa turudi nyumbani, maana gari ni safi na bado haling'ai. Vaa mfuko wa mkate mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, ila wa mkate upo, na kazi hii unaiweza kuliko wowote: ngozi ikiwa nyuma ya plastiki huhisi kila chembe iliyonasa kwenye rangi. Utasikia kama unapapasa kidevu cha mtu aliyenyoa juzi. Hizo chembe huondolewa kwa udongo maalumu wa magari, unaotelezeshwa juu ya maji ya sabuni. Lami iliyorukia pembeni, wazee wa gereji huitoa kwa mafuta ya taa. Usirudie jaribio la mkate kwenye gari la shemeji. Hakuna atakayekushukuru.

Sita, polishi, na hapa punguza mwendo. Gari lako lina rangi, na juu ya rangi lina tabaka angavu ambalo mafundi huliita kilia. Mng'ao wote umo humo. Unene wake mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50, na maikroni moja ni kipande kimoja cha milimita iliyokatwa vipande elfu. Unywele wa kichwa chako hufika 70. Wengi wanadhani polishi inaongeza kitu juu ya kilia. Polishi ni msasa uliosagwa ukawa laini kama malai. Mkwaruzo ni mfereji, na polishi huteremsha ardhi yote ya kando mpaka mfereji usionekane. Ni sawa na kuziba shimo la barabara kwa kuchimba barabara nzima ifike kimo cha shimo. Inafanya kazi vizuri kabisa. Kila ukipiga unapoteza maikroni moja, mbili, tatu, na kilia hakioti tena kama ukucha.

Kwa hiyo: piga kidogo, kipande kidogo, mkono mwepesi, na mara chache. Kingoni na kwenye mikunjo ya bati usikaze kabisa, huko kilia ni chembamba zaidi. Kama umeazima mashine ya kuzunguka kwa fundi, isogeze muda wote. Ikitulia mahali pamoja inachemsha. Hutanisikia. Mtu akishaona robo ya boneti inang'aa kama kioo cha kinyozi, hawezi kuiacha iliyobaki, na akimaliza boneti huona mlango umepauka, na akimaliza mlango huona boneti inahitaji mkono mmoja zaidi. Najua mahali hasa pa kusimama kwa sababu nimepapita. Ni kabla ya kile kidoa cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia kwenye ukingo wa buti langu. Kilia kilipoisha nilishukuru kwanza, nikidhani nimeutoa uchafu sugu.

Saba, nta. Hii ndiyo inayoongezwa, na haina ubishi. Nzuri hutoka kwenye karnauba, mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazil ambao huyapaka majani yake nta yasikaushwe na jua. Huyeyuka ikifika nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, kwa hiyo jua la Dar es Salaam peke yake haliiwezi. Kazi hiyo imeachiwa sabuni ya vyombo. Paka kidogo. Ukiipaka nene kama siagi hutapata mng'ao zaidi, utapata kazi ya kuifuta tu. Subiri ipige ukungu, kisha futa kwa kitambaa safi, si kile, kingine. Mwagia maji kidogo ujaribu: yakijikunja matone na kukimbia kama kwenye jani la gimbi, umefaulu. Itadumu wiki chache, usipoendesha.

Matairi yapake dawa yake, dashibodi vivyo hivyo, ila usukani na pedali usiviguse. Aliyenielewa vibaya hapa alinipigia simu akiwa ndani ya mtaro.

Sasa rudi nyuma hatua tano. Litazame. Boneti limeshika mawingu yote ya angani, na mawingu hayo, ukiyatazama sawasawa, yana mvua. Usiwe na haraka ya kuliingiza ndani, jirani bado hajatoka kutupa taka. Akitoka, jifanye unatafuta kitu kwenye buti. Usikae karibu na ule ukingo.

Usiku liache hapohapo, kivulini. Asubuhi utamkuta yuko juu ya boneti, mweusi kwa mweusi, kichwa kaegemeza upande mmoja, anajitazama. Usipige kelele. Usipige makofi. Akishtuka ndipo huachia.