Heko, Daktari wa Begi

Sheria ya Veterinari ya Tanzania ya mwaka 2003 inataka wanaotibu mifugo watambuliwe na Baraza la Veterinari. Urasimu mtupu! Daktari husota miaka 5 pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Msaidizi wake, daktari wetu wa begi, huhitimu akishabeba begi la daktari hadi zizini. Sindano yake ni moja kwa kundi zima, maana anajali uchumi. Homa, kuchechemea, kukosa mimba: vyote dawa ni oksitetrasaiklini. Jioni maziwa yanauzwa, mnywaji anapata dozi bila kulipa. Upasuaji nao aruhusiwe, kisha utingo ashike usukani na mpiga kengele aongoze misa. Hakuna ng'ombe aliyewahi kwenda mahakamani. Nawe, mpenzi wa chai ya maziwa, usianzishe ubishi.