Bati 36

Kaka yangu mkubwa hahesabu fedha kwa shilingi. Anahesabu kwa bati. Ukimwambia umenunua simu, ananyamaza, anatazama juu kidogo, kisha anasema, "Bati kumi na nne hizo." Tabia hii ilimwanza mwaka ambao nyumba yangu ya Kibaha ilifika kwenye lenta ikagoma kwenda mbele, na kwa kuwa yeye ndiye anayewasimamia mafundi, sina pa kukimbilia. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo aje ajue kwamba Desemba 2023 niliongeza pauni 330 juu ya nauli, milioni moja na ushei, ili nikae safu chache mbele ya pale ambapo ningekaa. Ndege ileile, rubani yuleyule, saa ya kufika ileile.

Nilikuwa na sababu. Nina futi sita na inchi tatu, na sehemu kubwa ya urefu huo Mungu aliiweka kati ya nyonga na goti. Katika daraja la kawaida, kutoka kiti hadi kiti ni kama inchi 31. Safari ya kabla ya hiyo, London hadi Nairobi, usiku kucha, abiria wa mbele yangu alilaza kiti kikanikaa magotini, tukasafiri hivyo kama wachumba. Nilishuka natembea kama ngamia aliyetoka kupigishwa magoti. Daraja hili jingine, lililo kati ya la kawaida na lile la biashara, linatoa kama inchi 38. Inchi saba zaidi. Haifiki hata shibiri. Nilinunua kasoro-shibiri kwa milioni moja na nikajiambia ni afya.

Wenyewe wanalipa majina ya kuliremba. Mimi naliita daraja la kati, kama LATRA inavyoyaita mabasi ya mikoani yaliyo afadhali kuliko ya kawaida lakini bado hayajawa ya kifahari. Abiria wa Reli ya Kati wangelielewa haraka zaidi. Kule kulikuwa na daraja la kwanza, daraja la pili kulala, daraja la pili kukaa, halafu la tatu. Daraja la pili kukaa! Sijasikia neno linalokieleza kitu hiki vizuri zaidi. Umelipa, umekuwa mtu wa daraja la pili, lakini habari za kulala hazikuhusu. EVA Air ya Taiwan na Virgin Atlantic ya Uingereza ni miongoni mwa waliolianzisha angani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wangetuuliza sisi jina, tungewapa bure.

Fedha yangu ilifanya kazi kwa dakika nne, na zote zilikuwa chini, Heathrow. Tuliitwa kupanda kabla ya wengine. Nilipita mbele ya watu kama mia mbili waliosimama na mabegi yao, nikijitahidi kuweka uso wa mtu aliyezoea. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo aliyejifunga kitenge juu ya koti la baridi. Nilimwona. Nikajifanya natafuta pasi ya kupandia.

Kiti nilichochagua kilikuwa cha safu ya kwanza kabisa, kinachotazama ukuta, ili pasiwe na wa kunilalia. Mhudumu akaniletea maji ya machungwa kwenye bilauri ya kioo, kioo cha kweli. Jirani yangu alikuwa babu wa Kizungu, mwembamba, suruali ya kaki, kitabu mapajani. Nikampigia mke wangu, mtu pekee aliyejua habari za pauni 330, kumwambia nimeshakaa. "Nimewekwa na babu mmoja hivi," nikasema. "Kwa pua ile, huyu atakoroma mpaka Nairobi." Babu akafungua ukurasa.

Ubaya wa kutazama ukuta ni kwamba hakuna mgongo wa kiti cha kubeba televisheni na meza. Vyote vimefichwa ndani ya mikono ya kiti chako, na hutolewa kwa maarifa. Kulikuwa na vitufe vitatu. Cha kwanza kililaza mgongo. Cha pili sijaijua kazi yake hadi leo. Cha tatu kiliinua ubao wa kuegemeza vigimbi, nao ukapanda vizuri, kisha ukakataa kushuka. Na ndege hairuki ubao ukiwa juu. Mhudumu akapiga magoti akaugonga kwa kiganja, akaugonga kwa kisigino cha kiatu, akamwita mwenzake. Abiria mia mbili wa nyuma, ambao sasa walikuwa wanapita wote mmoja mmoja kando yangu, walinikuta nimelala chali miguu juu, wanawake wawili wamenipigia magoti. Mama wa kitenge alipita akatikisa kichwa.

Tuliporuka, babu aliagiza juisi ya nyanya. Nimesoma kwamba watu wengi wanaipenda angani hata kama chini hawaigusi, kwa sababu kule juu ulimi hupoteza sehemu ya uwezo wa kuonja chumvi na sukari. Hewa ya ndani ya ndege huwekwa iwe kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, yaani umepita Lushoto unaendelea kupanda, na ni kavu kuliko Dodoma mwezi wa tisa. Nilikuwa nikiyatafakari haya huku navuta televisheni kutoka mkononi mwa kiti. Ilikuwa imekwama. Nikavuta kwa nguvu za kung'oa muhogo. Ikatoka, ikazunguka kwenye shingo yake, ikaenda moja kwa moja kwenye bilauri ya babu. Juisi yote kwenye ile suruali ya kaki.

Aliyemwagiwa ndiye aliyeniomba radhi. Nimeishi Uingereza miaka kumi na moja na jambo hili bado linanishinda.

Baada ya chakula, kilicholetwa kwenye sahani ya kauri na kikawa hakina ladha kwa heshima zote, nikavua viatu na kuvaa soksi za bure zilizomo kwenye kifuko. Usingizi haukuja. Mgongo wa daraja la kati hulala kiasi cha kukutamanisha tu, kama mtu anayekukaribisha chakula akiwa ameshasimama kunawa. Mbele yetu kulikuwa na pazia, na kila lilipopeperuka niliwaona watu wa daraja la biashara wamelazwa kama maiti zenye furaha. Nikatazama ramani. Ndege ilivuka Mediterania kisha ikapinda, kama mtu aliyemwona anayemdai. Ni Sudan. Vita vilipoanza Aprili mwaka ule anga yake ilifungwa, na ndege zikawa zinazunguka. Nilibaki kuitazama ile nafasi kubwa kwenye ramani kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Nikainuka kwenda msalani, na kwetu sisi wa kati, msala uko nyuma, kwa watu. Nikafunua pazia, nikaingia gizani, nikajigonga utosi kwenye kabati la mizigo.

"Yalaa!"

"Pole, baba," sauti ikatoka gizani.

Neno hilo halina mwenyewe mwingine duniani. Alikuwa mama wa kitenge, amesimama kwenye foleni ya msala na kandambili zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe uliyekuwa unakandwa miguu pale mbele?"

Nikaeleza kuhusu ubao. Akauliza nimekaa wapi hasa. Nikasema hapo mbele kidogo. Mbele wapi, mbele si kuna pazia? Nikasema ndiyo, nyuma ya pazia. "Ala! Kwa wakubwa." Nikasema hapana mama, wakubwa wako pazia la pili. Alinitazama kwa huruma, nadhani kwa mara ya kwanza.

Kisha ukaja uchunguzi wa kawaida. Kwetu wapi, mama yangu nani, alizaliwa mtaa gani. Nilipotaja Ngamiani, Tanga, akashika mdomo. "Barabara ya 9? Waliokuwa na ule mwembe? Jamani, nimesoma naye mama yako!" Hapo, urefu wa kilomita kumi na zaidi juu ya Bahari ya Shamu, nikapata mama mdogo.

Alikuwa ametoka Leicester, miezi mitatu, kumwangalia binti yake uzazi. Amekaa 41E, katikati: kushoto kijana mwenye mabega ya kubeba viroba, kulia mtu anayelala mdomo wazi. Akainua kitenge kidogo akanionesha kifundo cha mguu. Akakibonyeza kwa kidole. Kidole kilipotoka, shimo likabaki, na tukalitazama wote wawili likikawia kujaa.

Hakuniomba. Angeniomba ningetafuta sababu, maana sababu ninazo: goti, urefu, kasoro-shibiri. Alisema tu, "Haya baba, wewe kapumzike," kwa sauti ileile ambayo mama yangu husema hana haja ya kitu chochote. Nikajisikia nasema, "Njoo basi mama nikuoneshe nilipo." Kuonesha tu. Naapa nilikusudia kuonesha.

Mhudumu aliniuliza kama nina uhakika. Sikuwa nao. Nikasema ninao.

Mama akakaa. Akabonyeza kitufe cha tatu bila kuelekezwa na ule ubao, ambao kwangu uliishia katikati ya vigimbi kama dawati la chekechea, ukapanda taratibu na kumpokea kisigino hadi goti, kama fundi alikwenda Tanga kumpima. Akajifunika blanketi langu. Nilipofika kwenye pazia nikageuka. Alikuwa ameshalala.

Kuhusu 41E sina mengi. Magoti yangu yalirudiana na rafiki yao wa zamani. Alfajiri kililetwa kifungua kinywa, mkate wenye kitu ndani yake, huku harufu ya mayai ikipenya kutoka upande wangu wa pazia. Ilikuwa tunashuka Nairobi, mkanda umefungwa na hakuna kusimama, nilipotazama chini nikaziona soksi.

Viatu vilikuwa mbele.

Wa mbele hushuka kwanza, hiyo ni sehemu ya nilichokilipia. Wa safu ya 41 hushuka wakati wafagiaji wanaingia. Nilitembea ndege nzima kwa soksi za bure, nikawaaga wahudumu kwa soksi, nikatoka. Mwisho wa daraja la kushukia alisimama mama, usoni ameng'aa kama mtu aliyeoga na kupumzika, viatu vyangu mkononi, vidole viwili ndani ya kila kisigino.

"Ulivisahau, baba. Na yule mzee anakusalimu, mcheshi huyo! Kiswahili chake kitamu, alifundisha Korogwe miaka ya sabini. Amesema umwambie mkeo hakukoroma."

Miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia. Nikavikanyaga visigino kama ndala, na hivyo ndivyo nilivyoingia Dar es Salaam baada ya ndege ya pili, saa moja na kitu, safari ambayo wote tulibanana sawasawa na sikumlaumu mtu.

Kaka alikuwa ananisubiri nje ya jengo la tatu la abiria. Nilikuwa nimeshapanga: salamu, mizigo, gari, basi. Lakini mama alinitangulia. Alimshika kaka mikono yote miwili. "Mwana huyu amelelewa! Kanipisha kiti chake, baba, cha kule mbele kwa wakubwa, cha kulaza miguu, bilauri za kioo. Mungu awazidishie."

Kaka akaitikia amina. Kisha akanitazama viatu, akanitazama uso, na macho yake yakapanda juu taratibu.

Hakusema kitu mpaka Ubungo. Kimara akauliza, "Shilingi ngapi?" Nikamwambia. Mbezi akasema, "Thelathini na sita," na hatukuzungumza tena.

Badala ya kunipeleka nyumbani kwake alinipitisha kwangu Kibaha. Kuta zimesimama vizuri, haki yake fundi. Sebuleni, pale nilipopanga kuweka makochi, umeota mpapai. Umeshaipita lenta. Kaka akatafuta mti mrefu, akaangua papai moja lililoiva, akalipasua ukutani, akanipa nusu. Tukala tumesimama, jua la mchana linatupiga utosini ndani ya nyumba.

Yalibaki manne juu. Niliyahesabu: pamoja na lile tulilokula, ni bati saba na ushei kila papai.