Barua ya Wazi: Orodha Ipewe Kazi

Kwa Mheshimiwa Mwajiri wa mradi wa gesi wa Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, pamoja na makandarasi wake wote, wakubwa kwa wadogo.

Vijana wa Tungue, kuanzia Palma mjini hadi kijiji cha Quitunda, wanamwamkia kwa adabu. Majina wamekwisha kuandikisha. Waliandikisha kwa mkuu wa mtaa, wakaandikisha tena alipokuja mkandarasi mwingine, na wakiambiwa leo waanze upya watatafuta kalamu. Anayekosekana ni wa kuwaita.

Kwa hiyo wanaomba orodha yenyewe iajiriwe.

Mheshimiwa asicheke. Gesi iligunduliwa mwaka 2010, na tangu hapo hakuna mwenyeji aliyeizidi orodha kwa uzoefu. Hupita getini bila kuulizwa pasi, ikaingia ofisi yenye kiyoyozi na kukaa mezani kwa wakubwa hadi jioni. Kireno imeandikwa nacho, na kwa Kiingereza hakuna anayeihoji. Haigomi, haiugui, haiombi ruhusa ya Idd. Basi ipewe kofia ngumu, fulana ya kung'aa na buti za saizi yoyote, maana miguu haina. Ipangiwe kitanda kambini, ipakuliwe wali wa mchana. Mshahara wake wagawiwe wenye majina yaliyomo, hata ikiwa kila mmoja atapata nauli ya chapa, yaani basi dogo, tu. Ikishatimiza ile miaka mitano ya uzoefu inayodaiwa kwenye matangazo ya kazi, ipandishwe cheo iwe msimamizi. Angalau yenyewe haina shemeji wa kumsogeza juu.

Mengine ni madogo. Tangazo la kazi libandikwe kabla ya siku ya mwisho, na nje ya geti papandwe mti wa kivuli kwa wanaosubiri.

Kuhusu vyeti wanavyodaiwa vijana, Mheshimiwa anaikumbuka tarehe 24 Machi 2021. Palma ilivamiwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni, wengine kwa vyombo vya baharini hadi Pemba ya Msumbiji, na vitambulisho vikaungua pamoja na nyumba. Mwezi uliofuata TotalEnergies, kampuni ya mradi huu, ilitangaza kwamba mambo yako nje ya uwezo wake, ikasimamisha mradi wa dola bilioni 20, na dunia ikaelewa. Mtoto wa mvuvi akisema cheti chake kilipotea siku zile zile, anatakiwa alete nakala iliyogongwa muhuri. Janga la kampuni ni sababu; la kwake ni uzembe.

Na watu wa kijiji cha Quitupo walipohamishwa kupisha mtambo, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao, nani aliwauliza uzoefu? Nani aliwahoji kwa Kiingereza?

Mheshimiwa awawie radhi, kalamu imeteleza.

Novemba 2025 kampuni iliondoa tangazo lake kwamba mambo yako nje ya uwezo wake. Makandarasi wanapochukua watu, vijana wanaomba orodha ibandikwe ukutani, hadharani, ikionyesha aliyeitwa, aliyeachwa, na jina la aliyeamua.