Jinsi ya Kuwa Mwanahesabu wa Kijiweni

Ndugu yangu, hesabu ulipata F, na siri hiyo tutazikwa nayo. Kijiwe cha kahawa cha Kahama hakidai cheti. Fuata haya.

1. Chagua namba nene. Namba ndogo zina mashahidi: dhahabu ina mzani, ukikosea pointi moja unaitwa mwizi. Chukua ile ya Julai 2017, Mamlaka ya Mapato ilipoidai kampuni ya dhahabu ya Acacia, kwa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, takriban dola 190,000,000,000: kodi bilioni 40, riba na adhabu bilioni 150. Iandike mchangani kwa kijiti, taratibu. Lile neno "takriban" limeze.

2. Itaje ukoo wake. "Hii ni shufwa." Mtoto wa shule ya msingi anajua, ila wewe sema kwa huzuni kidogo, kama daktari. Ongeza: "Wala si tasa." Wakiuliza kwa nini, kohoa.

3. Pata vigawo bila jasho. Ondoa sifuri kumi, inabaki 19, ambayo ni tasa. Kila sifuri ni 2 mara 5. Una 2 kumi, 5 kumi, 19 moja. Kila idadi iongeze moja, kisha zidisha: 11 × 11 × 2. Vigawo 242! Tamka haraka, piga funda la kahawa.

4. Wakibisha, jumlisha tarakimu. 1 na 9 ni 10. Haigawanyiki kwa 3. "Wabia watatu wakigawana, dola moja inabaki." Hapo kila aliyewahi kuchimba duara kwa ubia atatikisa kichwa. Anaijua hiyo dola moja.

5. Funga kwa muujiza. Oktoba 2019 kampuni ya Barrick, iliyokwisha kuichukua Acacia, ilitangaza makubaliano na serikali: dola 300,000,000. Tafuta KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, ya namba hiyo na ile ya mchangani: 100,000,000. Mei 2020 malipo ya kwanza yakatoka. Kiasi gani? Dola 100,000,000. Ukitamka neno "sadfa" umejiharibia. Inua nyusi tu.

6. Ondoka kabla hawajalikumbuka lile "takriban". Lipa vikombe vitatu, aga kwa heshima. Ukifika barabarani, muuza kahawa, ambaye KKS hajaisikia maishani, atakuita mbele ya watu wote: "Mwalimu! Vilikuwa vinne."