Mama Salma Yu Hai, Bima Haijaambiwa

Kaka,

Mkalishe Bi Mkubwa kabla hujamsomea barua hii, maana huku Reading shemeji yako Mama Salma ameshafariki. Usipige yowe. Najua jana alikuwa Mailimoja ananunua dagaa, kwani alinitumia picha ya fungu lenyewe ili nione hela ninayotuma inanunua nini. Lakini kwa mujibu wa mkataba wa bima ya gari langu, mimi ni mgane.

Niligundua nilipopiga simu kulalamikia bili. Binti aliyepokea akaangalia kompyuta yake, akashusha sauti, akaniambia pole sana kwa msiba. Ilikuwa pole ya heshima, Kaka, ya taratibu, hata nikajikuta nimeitikia kwamba tumeshapoa. Wakala aliyenijazia fomu ndiye aliyebofya pasipo. Kurekebisha kunawezekana, binti akasema, ila kuna ada ya kubadili taarifa, pauni 35. Nikamuuliza, kosa lenu, ada yangu? Akajibu kwamba mfumo hautofautishi. Mfumo ukakokotoa upya, mke akafufuka, na bei ya bima ikapanda. Mama Salma asilisikie hili.

Si mke tu. Mkataba huohuo unasema gari langu linalala ndani ya banda lenye kufuli. Linalala barabarani, chini ya dirisha langu. Banda lenye kufuli ningekuwa nalo, kwa kodi za mji huu, ningekuwa nalala humo mwenyewe.

Na hiyo bili yenyewe? Huku pesa ya bima hupeleki wewe, inachomolewa benki kila mwezi ukiwa usingizini. Mwezi huu ilichomolewa mara mbili. Asubuhi moja mtu wa posta akaleta bahasha mbili za kampuni ileile: ya kwanza inanishukuru kwa kulipa, ya pili inanionya kwamba bima itafutwa kwa sababu sijalipa. Tarehe moja, sahihi moja.

Utaniambia, si uachane nao, utembee hivyohivyo hadi mambo yakae sawa? Hapo ndipo hujaijua Uingereza. Stika kwenye kioo hakuna. Hata ile karatasi ya kodi ya barabara iliondolewa Oktoba 2014. Kamera iliyo juu ya nguzo inasoma namba ya gari, inauliza kwenye daftari kuu la bima, na namba hiyo isipoonekana humo ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Gari lenyewe linaweza kubebwa. Trafiki wa Kwa Mathias ungemweleza kwamba wakala yuko njiani na bodaboda analeta karatasi za bima, na angalau angekusikiliza. Kamera ina jicho tu.

Na usidhani gari bovu limesamehewa. Tangu 2011 gari lililoandikishwa lazima liwe na bima hata kama limesimama, mpaka uiandikie serikali kule Swansea na kutangaza rasmi kwamba haliko barabarani. Sasa mfikirie Mjomba na ile Corolla yake chini ya mwembe, juu ya matofali, kuku ametotolea kiti cha nyuma. Huku angeandikiwa faini kwa gari ambalo hata ufunguo wake hakumbuki aliuweka wapi. Mwambie ashukuru Mungu kwa kuzaliwa Pangani.

Kuna pia kisanduku. Ili nipunguziwe, nilikubali wanifungie kidude cheusi chini ya dashibodi. Kinarekodi mwendo, kona, breki, na saa ninayotembea, kisha kinanisemea kwa kampuni. Kazi yangu ya kuhudumia wazee ni ya usiku, wao wanaijua na ipo kwenye fomu, lakini kisanduku kila wiki kinaleta ripoti kwamba natembea saa za hatari. Juzi mbweha alikatiza mbele yangu (huku mbweha wanaishi mjini na wanavuka kwa kujiamini kuliko wabunge), nikakanyaga breki. Mbweha akapona, alama zangu zikashuka: breki zako si laini. Siku hizi naendesha nikiwa nimenyooka kama bwana harusi, na nikifika kona nakiomba radhi kisanduku. Mimi, Kaka, niliyekuwa nikimkaripia kondakta!

Huku pia dereva aliyekaa miaka bila kudai fidia hupunguziwa bei. Nikawaeleza kwamba nimeendesha Morogoro Road, Kibaha hadi Kimara, katikati ya malori ya Kongo na mabasi ya mikoani, na niko hai. Wakaandika: uzoefu, sifuri. Ninachokatwa kwa mwezi mmoja ni zaidi ya ile shilingi 118,000 mnayolipia bima ndogo kwa mwaka mzima, VAT ikiwa ndani.

Nawaza sana kibanda cha yule wakala wetu pale stendi. Bima ikikosewa, unakwenda, unavuta benchi, unakaa. Haondoki mtu. Anapiga simu mjini, anakuagizia kahawa, mnajadili Simba na Yanga, namba inarekebishwa. Na asingethubutu kuandika kwamba mke wangu amekufa, pilau ya harusi yetu alikula sahani mbili. Huku nikipiga simu napigiwa muziki, na kila aliyepokea ni mgeni aniulizaye jina la ukoo la mama yangu kabla hajaolewa.

Nimeandika malalamiko rasmi. Sheria inaipa kampuni wiki 8 kujibu. Wakishindwa, au wakinijibu ujinga, napeleka kwa msuluhishi wa huduma za fedha, ambaye hatozi kitu. Hata hapo nyumbani yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, wengi wenu hamjui tu.

Hela waliyonichomoa mara ya pili ndiyo ilikuwa ya mabati ya jiko la Bi Mkubwa. Mwambie fundi asubiri, asiondoe kenchi zake, na mvua ikianza afunike kwa turubai. Chai apewe.