Siku Kumi za Daftari

Ijumaa, 11 Oktoba 2024
Leo umefunguliwa uandikishaji wa wapiga kura wa uchaguzi wa Serikali za Mitaa, Tanzania Bara nzima. Leo pia ni mnada wa kwanza wa korosho msimu huu wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala. Nimefika kituoni saa tatu asubuhi. Meza ipo, daftari lipo, kalamu imekauka. Mwandikishaji akaenda dukani kutafuta nyingine, akakuta duka limefungwa, mwenyewe yuko mnadani. Nilisubiri hadi saa tano, nikarudi kuanika korosho. Jioni simu zikaanza kuita: kilo imepita shilingi 4,000. Bei hiyo kijiji kizima kinaijua. Niliowauliza njiani siku ya mwisho ya kujiandikisha, wote hawakuijua. Ni tarehe 20.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimejiandikisha. Kalamu nilibeba yangu. Jina, umri, jinsia, sahihi. Dakika mbili zimetosha. Niliporudi kwenye kioski cha maji nikakuta ndoo yangu imesogezwa nyuma ya foleni na maji yamekatika. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde hatuna mto. Tangu miaka ya 1950 maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema, na asiyepata ya bomba anategemea kisima alichochimba uani kukingia mvua ya paa. Ndoo moja ya kioski tunailipia. Fedha hizo zinatunzwa na watu wa hapa hapa kijijini, na hesabu zake sijazisikia zikisomwa tangu mwaka jana. Ndiyo sababu nataka kupiga kura hii.

Jumatatu, 14 Oktoba
Siku ya Mwalimu Nyerere, miaka 25 tangu afariki. Nimekwenda kwa mjomba.
“Shikamoo, mjomba.”
“Marahaba, mpwa wangu. Najua umefuata nini.”
Akafungua sanduku la bati, akatoa kadi yake ya mpiga kura iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikamweleza kwamba kadi hiyo ni ya daftari la kudumu, la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ya kumchagulia rais, mbunge na diwani mwakani. Hili la sasa ni daftari la wakazi, linasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kila mtu anaandikwa upya hata kama kadi anayo. Akasema serikali moja haiwezi kuwa na madaftari mawili. Nikataka asikilize tangazo redioni. Betri za redio zilikuwa zimekwisha.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimeteremka Masasi kumjulia hali shangazi. Gari lilipasuka tairi kwenye mteremko, na tairi la akiba halikuwa na upepo. Nimefika adhuhuri, nguo nyekundu kwa vumbi. Shangazi anakaa mjini, kwa hiyo yeye atachagua mwenyekiti wa mtaa, si wa kijiji. Hajajiandikisha. Sababu ni ile ile ya mjomba: anayo kadi. Hawa wawili hawajaonana tangu mwaka juzi, na wamekosea jambo moja. Basi kosa si la uzee wao. Hakuna aliyefika kuwaeleza.

Tulikwenda polepole, nimemshika mkono. Kituo kilikuwa kimehamishwa, na karatasi ya kutuelekeza ilibandikwa juu mno, shangazi hakuiona. Hatimaye akaandikwa. Njiani akaniuliza kama mwenyekiti anaweza kushughulikia korongo linalokula njia ya kwake. Nikamwambia mahali pa kuliuliza hilo ni kwenye mkutano wa mtaa.

Jumapili, 20 Oktoba
Siku ya mwisho. Saa kumi na moja jioni mjomba amekuja mwenyewe, na fimbo yake. Hakuniambia nani amemshawishi. Alikaa kwenye benchi akasema: “Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, mambo yetu yakawa yanaamuliwa mkoani. Ziliporudishwa mwaka 1984, wengi tulikuwa tumeshazoea kutouliza.” Kisha akatia sahihi. Mkono ulimtetemeka, mstari ukatoka nje ya kisanduku. Mwandikishaji akasema inafaa.

Jumanne, 22 Oktoba
Orodha imebandikwa. Jina langu liko kitongoji cha jirani, na jinsia imeandikwa mwanamume, nami ni mwanamke. Nimeambiwa nirudi kesho.

Jumatano, 23 Oktoba
Nimerudi. Wamerekebisha. Mstari wa mjomba hauna kosa.

Alhamisi, 21 Novemba
Siku ya pili ya kampeni. Mkutano ulihamishwa kwa sababu ya msiba, nami nikaenda mahali pa zamani. Nilipofika penyewe walikuwa wanamalizia. Nimeuliza swali moja: hesabu za kioski zitasomwa lini? Mgombea akajibu kuhusu zahanati. Nikarudia swali. Kipaza sauti kikachukuliwa, wimbo ukaanza. Jirani yangu aliyekuwa pembeni akasema kwa sauti, “Ajibu la maji.” Wengine watatu wakasema hivyo hivyo. Hakujibu.

Jumatano, 27 Novemba
Mvua imenyesha alfajiri, korosho nilizosahau uani zimelowa. Kituoni mjomba amegundua ameacha miwani nyumbani. Nilimpa yangu, akatangulia kuingia, nami nikasubiri aniletee. Tumemchagua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Saa sita nilikuwa nimesharudi kuanika upya.

Alhamisi, 28 Novemba
Matokeo yetu yamebandikwa ukutani. Redioni wametangaza ya Tanzania Bara nzima: CCM imechukua zaidi ya asilimia 98 ya viti. Vyama vya upinzani vinalalamikia wagombea wao walioenguliwa kabla ya kura. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Betri nilimnunulia mpya. Akauliza, “Na hesabu za maji?”

Hilo ndilo swali lililobaki, na aliyeshinda si mtu wa kutuzuia kuliuliza. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Mwenyekiti amepewa miaka mitano. Hiyo ni mikutano 20. Tumeandika swali la kioski kwenye karatasi, mjomba ameitia kwenye sanduku la bati pamoja na kadi yake. Msomaji, popote ulipo, ulizia tarehe ya mkutano ujao wa kijiji au mtaa wako, uende, na swali lako uwe umeliandika.